Ukiondoka, Msitu Unabaki na Nini? Vibali vya Shughuli Maalumu Katika Misitu ya Umma Kenya

Mkata mikoko wa Lamu huhesabu kazi yake kwa korja. Korja moja ni miti 20, na miti yenyewe hupangwa kwa unene: fito, kisha pau, kisha boriti, hadi nguzo. Mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, kwa hiyo mtu huyu hawezi kutia shoka kwenye mkandaa hata mmoja bila leseni inayomwambia akate wapi na akate kiasi gani. Akikutwa hana karatasi hiyo, mzigo unashikwa na yeye mwenyewe anafikishwa mbele ya hakimu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti Februari 2018, kwa sababu ya uharibifu uliokuwa ukiendelea katika misitu ya bara, naye alifungiwa kazi sawasawa na wenye viwanda vya mbao wa milimani.

Mwaka huo huo, tarehe 30 Aprili, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kuhusu jirani yake mkubwa, yaani bandari mpya ya Lamu. Majaji walisema wananchi hawakushirikishwa wala kupewa habari inavyotakiwa kabla ya mradi kuanza, na kwamba wavuvi walikuwa wameumia. Wakaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Bandari iliendelea kujengwa, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021.

Lamu ni hiyo hiyo moja. Mtu wa korja aliulizwa karatasi kabla hajanoa shoka. Mradi wa mabilioni uliulizwa maswali baada ya kazi kuanza, na waliouuliza ni wananchi wenyewe mahakamani. Ninaloshikilia katika makala hii ni kwamba tofauti hiyo haikutokea Lamu kwa bahati mbaya. Mfumo wetu wa kutoa ruhusa katika misitu ya umma unawabana wanaoacha alama ndogo na unawalegezea wanaoacha alama isiyofutika. Ufisadi una mkono wake, na jopokazi la serikali lililochunguza misitu mwaka 2018 halikuuficha. Lakini hata maafisa wote wangekuwa watakatifu, kasoro ingebaki, kwa kuwa mfumo huanza kwa kuuliza mwombaji ni nani na shughuli yake inaitwaje. Swali linalofaa kutangulia ni jingine: akiondoka, msitu utabaki na nini?

Tuanze na ardhi yenyewe. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inaiweka misitu ya serikali katika kundi la ardhi ya umma, inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kifungu cha 69 kinaidai nchi ifikishe angalau asilimia 10 ya ardhi yake chini ya miti, na papo hapo kinaamuru wananchi washirikishwe katika kulinda mazingira. Usimamizi wa kila siku uko mikononi mwa KFS, Shirika la Huduma za Misitu, chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Kwa maneno mengine, anayekupa kibali si mwenye msitu. Ni mlinzi wa mali ya watu wengine, na mlinzi hana budi kueleza kila anachokigawa.

Kifungu cha 64 cha sheria hiyo ndicho kinachomkuta mwananchi wa kawaida. Bila leseni, kibali au mkataba, huruhusiwi kukata mti, kulisha mifugo, kulima, kujenga hata boma la ng'ombe, kuwasha moto, kutundika mzinga au kuchukua asali, wala kuonekana msituni kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi isipokuwa uko kwenye barabara inayotambulika. Ukivunja, faini haipungui shilingi 100,000 au kifungo hakipungui miezi 6. Orodha hiyo ni ndefu na ina sababu zake. Moto mmoja wa mrina asali mzembe unaweza kuteketeza eneo kubwa la msitu. Lakini tazama jinsi mzinga mmoja na shamba la ekari kadhaa vinavyokaa kwenye kifungu kimoja, chini ya adhabu ya chini ile ile.

Upande wa pili wa sheria ni milango ya kuingilia. Kanuni za 2009 kuhusu ushiriki katika usimamizi wa misitu ziliweka ngazi kadhaa: kibali cha kawaida, leseni ya mbao, mkataba, makubaliano ya usimamizi wa pamoja, ukodishaji wa muda mrefu, na ile inayoitwa leseni ya matumizi maalumu. Hii ya mwisho ililengwa kwa shughuli ambazo shabaha yake kuu ni manufaa ya umma katika uchukuzi, mawasiliano, nishati, utafiti au elimu. Humo ndimo hupita mlingoti wa simu na nyaya za umeme mkubwa, na kadhalika barabara na mabomba ya maji.

Mtu anayetaka kufanya harusi katika Msitu wa Karura, Nairobi, au kikundi cha kanisa kinachotaka kukesha kikiomba katika Msitu wa Ngong, hayumo katika orodha hiyo. Yeye huanzia kwa meneja wa kituo cha msitu, kwa barua, na kutoka hapo mambo hutegemea sana mtu aliyeketi nyuma ya meza. Barua nzuri hutaja siku na saa, idadi ya watu na magari, kama kuna vipaza sauti au jenereta, chakula kitapikwa wapi, taka zitaondolewa na nani. Ada hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mwenye kamera ya filamu atahitaji pia leseni ya filamu, na mwenye droni atapelekwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Mengine yote ni subira. Sijui jibu linalochosha kuliko "subiri, tutakupigia," maana halikuruhusu wala halikukatazi, nawe umeshaalika watu.

Hapa kuna jambo la kujifunza kutoka Marekani, ambako misitu ya taifa hupokea maombi mengi ya namna hii. Kanuni zao zinasema mkusanyiko usio wa biashara wa watu chini ya 75 hauhitaji kibali. Ukifika 75 au kuzidi, unaomba, na ombi lisipokataliwa ndani ya saa 48 baada ya kupokelewa huhesabiwa kuwa limekubaliwa, ingawa kwa maombi yaliyoletwa mapema sana saa hizo husimamishwa kwa muda. Kanuni hiyo haikuzaliwa kwa ukarimu. Ilizaliwa kwa mabishano marefu mahakamani kuhusu haki ya watu kukusanyika. Lakini busara yake inafaa popote: pale ambapo shughuli itaisha jioni na kuacha nyasi zilizolala tu, ofisi ndiyo ibebe mzigo wa kusema hapana, na iseme upesi. Kenya tayari ina msingi wa hilo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa haraka na wa haki, na sababu za maandishi pale haki yake inapoguswa. Kinachokosekana ni kanuni ya misitu inayoweka idadi ya siku.

Shughuli zinazoisha jioni ndizo kundi la kwanza. Za kundi la pili zinachukua kitu, lakini kitu kinachorudi. Hapa ndipo Pwani ina hadithi za kufundisha nchi nzima.

Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420. Miaka ya mwanzo ya tisini wengi wa majirani zake walitamani ukatwe wagawiwe mashamba, kwa sababu faida waliyoiona ilikuwa ni ndovu kuvamia mahindi. Mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ulianza pale Gede. Wakulima waliruhusiwa kunasa vipepeo wachache msituni, wakawafuga nyumbani kwenye vizimba vya neti, wakawalisha majani wanayoyapenda, kisha wakauza mabuu yaliyojifunga kwa mabanda ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Kibali kilichotolewa kilikuwa kidogo mno ukikitazama kwa macho ya mwanasheria, kwani ni cha kunasa wadudu tu. Kwa mkulima kilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa msitu kumlipia karo. Na anayefuga kipepeo ana sababu ya kuulinda mti ambao kipepeo huyo hutagia.

Gazi, Kwale, wamefika mbali zaidi. Mradi wao wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa iliyohifadhiwa humo, takriban tani 3,000 kwa mwaka, tangu mwaka 2013. Fedha zimeleta maji na kusaidia shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Watu huisimulia habari hii kana kwamba ni ya hewa ukaa peke yake. Mimi naiona kwanza kuwa habari ya kibali. Miti ile si mali ya Wagazi, ni ya umma, na wasingeweza kuuza hata tani moja ya kitu kinachotokana nayo bila ruhusa. Ilibidi kwanza wawe na chama cha misitu cha jamii kilichosajiliwa, kisha mpango wa usimamizi wa msitu, kisha mkataba wa kuusimamia kwa pamoja na KFS. Mtu asiyezoea ofisi angekata tamaa katikati ya njia. Wao walikuwa na watafiti wa taasisi ya bahari waliokuwa wakipanda na kupima mikoko ya ghuba hiyo kwa miaka mingi, wakawashika mkono.

Swali ninalojiuliza kila nikiwasikia wakisifiwa ni hili: vijiji vingapi vyenye mikoko mizuri vile vile havina mtafiti wa kuwaandikia mpango? Sheria inawaruhusu wote, lakini uwezo wa kuifikia ruhusa hiyo ni wa wachache. Chama cha misitu kinatakiwa kuleta mpango wa usimamizi ambao kuuandaa kunahitaji wataalamu, ramani na fedha. Matokeo ni kwamba jamii inaweza kusajiliwa leo na ikakaa miaka bila mkataba, na bila mkataba haki zake za kuchukua kuni, asali, dawa na nyasi zinabaki za mdomo. Ukisoma kifungu cha 64 ukiwa katika hali hiyo, kila unachofanya msituni ni kosa linalosubiri askari wa kukuona.

Majirani zetu wa kusini walichagua njia fupi zaidi. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi ndani ya ardhi yake, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayotoa vibali na kubaki na mapato. Vijiji vya Kilwa vyenye mipingo vilitumia mlango huo, na mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Si kwamba Kilwa hakuna matatizo. Ila pale mwenye kutoa kibali ndiye atakayekunywa maji ya bonde lile lile, uamuzi huwa na uzito mwingine.

Na kabla ya sheria hizi zote palikuwa na kaya. Misitu mitakatifu ya Mijikenda, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilidumu kwa masharti ya wazee. Kaya Kinondo, karibu na Diani, bado mgeni hufungwa kaniki kiunoni, huongozwa na mtu wa pale, na hatoki na chochote, hata kijiti. Ruhusa hutolewa papo hapo, kwa kauli, na mtu anayekutazama usoni. Misitu mikubwa iliyokuwa na askari, sheria na bajeti imepungua vibaya katika muda ambao vimisitu hivi vilibaki vimesimama. Anayetunga kanuni mpya angefanya vyema kwenda kuketi na wazee hao siku moja.

Sasa tufike kwenye shughuli zisizoondoka. Barabara haiondoki, wala hoteli yenye misingi ya zege. Leseni inaweza kuwa na tarehe ya mwisho, lakini mti wa miaka mia uliong'olewa kupisha nguzo haurudi siku leseni inapoisha.

Sheria inajua hatari hii. Ukitaka kubadilisha mipaka ya msitu wa umma au kuufuta, kifungu cha 34 kinataka ombi lipitie kwa KFS kwa kushauriana na Tume ya Taifa ya Ardhi, na neno la mwisho ni la Bunge. Ukuta huo ni mrefu kwa makusudi, kwa kuwa nchi hii ilijifunza kwa damu. Tarehe 8 Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipojaribu kupanda mti Karura, msitu uliokuwa umegawiwa wajenzi kimyakimya, vipande kwa vipande. Mwaka 2021 ulipoletwa mswada wa kuliondoa sharti la mapendekezo ya KFS katika kifungu hicho, kelele za wananchi zilisikika mpaka bungeni.

Lakini ukuta mrefu humfanya mwenye haja atafute dirisha, na leseni ndiyo dirisha. Msitu haufutwi, mipaka haibadilishwi, kwenye ramani unabaki wa kijani, ila ndani yake sehemu fulani imetolewa kwa matumizi maalumu kwa miaka mingi. Bunge halikuguswa. Mwaka 2024 Green Belt Movement, shirika aliloliasisi Maathai, lilirudi mahakamani kwa ajili ya Karura hiyo hiyo, safari hii kupinga sehemu yake kutumika kupanua Barabara ya Kiambu. Sitaki kusema barabara haina haja. Anayekaa kwenye foleni ile kila asubuhi ana haki yake. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kudumu usipite kwenye mlango wa ruhusa za muda. Kama kitakachobaki baada ya leseni ni lami, basi ukweli ni kwamba msitu umekatwa, na waulizwe wawakilishi wa wenye msitu.

Kinga ya pili ni tathmini ya athari kwa mazingira, inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Kwenye karatasi ni kinga nzuri: ripoti hutangazwa, wananchi hutoa maoni, na asiyeridhika hukata rufaa. Udhaifu wake ni kwamba anayemlipa mtaalamu wa kuandika ripoti ni mwombaji mwenyewe, na wito wa maoni hutoka kwenye gazeti ambalo halifiki kijijini. Hata hivyo watu wakipata habari mapema, hufanya kazi yao. Mwaka 2014 mpango wa kutafuta mafuta kwa mitetemo ndani ya Arabuko-Sokoke ulikwama kwa upinzani wa wakazi na wahifadhi. Wale wale ambao miaka ishirini kabla walitaka msitu ukatwe, sasa walikuwa na vipepeo na asali ya kutetea.

Kuna kundi ambalo neno kibali kwao ni tusi. Waogiek wa Mau hawakuingia msituni. Msitu ulitangazwa wao wakiwa ndani yake, na mizinga yao juu ya miti. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao za ardhi, utamaduni na dini kwa kuwafukuza. Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi 157,850,000, na ardhi yao itambuliwe. Huwezi kumtaka mtu aombe ruhusa ya kutundika mzinga mahali ambapo babu wa babu yake alitundika, kisha ukauita utaratibu huo uhifadhi. Kwao jawabu ni hati ya ardhi ya jamii, ambayo kifungu cha 63 cha Katiba tayari kinaitambua kwa wawindaji na wakusanyaji. Masharti ya kuutunza msitu yatafuata hapo, na watayatunga wakiwa mezani.

Fedha nazo zina sehemu yake. Mvutano wa mwaka 2025 kuhusu nani apokee kiingilio cha Karura, KFS kupitia eCitizen au akaunti iliyosimamiwa pamoja na marafiki wa msitu huo, ulionyesha jinsi pesa ndogo za lango zinavyolinda au kuua imani ya watu. Waliochangia kujenga ua na kulipa walinzi wanataka kuona shilingi yao inarudi kwenye njia wanazokimbilia. Ikizama Hazina Kuu isionekane tena, hawatajitolea mara ya pili.

Nikiwekewa mezani kanuni mpya za kuandika, ningezipanga kwa alama inayobaki. Shughuli ya saa chache isiyokata, isiyochoma na isiyochimba, jibu litoke kituoni ndani ya siku tatu, na kimya kihesabiwe ndiyo. Shughuli inayovuna kinachorudi, iamuliwe na chama cha misitu cha mahali hapo pamoja na KFS, na serikali igharamie mpango wa usimamizi badala ya kuuachia wafadhili. Shughuli inayosimamisha kitu kisichoondoka kwa zaidi ya mwaka, itangazwe kwa Kiswahili kwenye redio na baraza la chifu kabla ya kusainiwa, na ikizidi ukubwa fulani ipelekwe Bungeni kama vile mipaka inabadilishwa. Na leseni zote, kubwa kwa ndogo, ziwekwe hadharani zikionyesha jina la aliyepewa, eneo, muda na kiasi alicholipa.

Hilo la mwisho halihitaji kungoja kanuni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Basi wewe uliye karibu na msitu wa umma, iwe ni mikoko ya Mtwapa au vilima vya Taita, andika barua ya aya moja kwa meneja wa kituo na nakala kwa makao makuu ya KFS Karura. Omba orodha ya leseni za matumizi maalumu zilizotolewa katika msitu wako, tarehe zake za mwisho, na ripoti za tathmini ya mazingira. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri siku unapoipeleka, na uanze kuhesabu.